Kibano cha Kingi

Kama Kingi alikuwa anadanganya, basi alikuwa mwongo mvivu kuliko wote waliowahi kukaa mbele ya Inspekta Mung'aro. Mwongo hasa hupamba. Leo huongeza hiki, kesho hupunguza kile, keshokutwa humsahau hata mtu aliyemtaja jana. Kingi tangu akamatwe alikuwa na maneno yale yale, na hata alipopigiwa meza hakuyabadilisha.

"Niliambiwa fungua, Afande. Nikafungua."

"Uliambiwa na nani?"

"Na Fundi Athmani."

"Ulimwona akisema?"

"Sikumwona. Kulikuwa na pazia la gunia kati yetu. Nilisikia."

Fundi Athmani hakuwapo wa kuulizwa. Aliungua siku chache nyuma, jioni moja ya Ramadhani ya mwaka wa sitini na saba, ndani ya karakana ya boti kule Shimanzi, Mombasa, akakata roho garini kabla ya kufikishwa hospitali. Mwenye karakana aliapa kwamba Kingi alifungua mpira wa kupitisha gundi kabla ya wakati, kwa kusudi, kwa sababu wiki hiyo alikuwa amegombana na marehemu. Kesho asubuhi Kingi angesomewa shtaka la kuua, na mwisho wa shtaka hilo kila mtu anaujua: kitanzi.

"Una mpaka kesho," mkubwa wa kituo alimwambia Mung'aro. "Na huo undugu wenu wa Rabai uuache mlangoni."

Undugu! Yeye na Kingi walizaliwa Rabai wote, lakini walikuwa hawajuani hata kwa jina. Neno hilo lilimkera Mung'aro hivi kwamba alimtia Kingi pingu mwenyewe, akampakia kwenye Land Rover, na njia nzima hakumsemesha.

Karakana ilikuwa katikati ya maghala, bati zake za upande wa mlangoni zimekuwa nyeusi kwa moto. Mwenyewe, Bwana Gharib, mtu mzima wa mtaa wa Kuze mwenye ndevu za hina, alikuwa amesimama kizingitini. Alipomwona aliyeshuka nyuma ya Inspekta, alitandaza mikono kuziba mlango.

"Wewe karibu, Inspekta. Huyo humu haingii."

"Ataingia, Bwana Gharib, na atashika kibano chake kama siku ile. Nataka kila kitu kama siku ile. Watu wale wale, mahali pale pale, wakati ule ule. Mahali pa marehemu utasimama wewe."

"Yaani tuigize kifo cha Athmani? Na saumu zetu hizi?"

"Ndiyo. Lakini kwanza nifundisheni, maana mimi sijui kutengeneza boti hata ya karatasi."

Gharib alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, alimwita mtoto wa ndugu yake, Zein, kijana mrefu aliyekuwa amefanya kazi na marehemu tangu karakana ifunguliwe. Yeye na Athmani walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wote wa Kuze, na macho ya Zein yalionyesha kwamba hajalala vizuri kwa siku kadhaa.

Walimfanyia Mung'aro mfano mdogo juu ya meza. Zein alitandaza kitambaa cheupe kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, laini ungedhani ni cha kushonea shela. Juu yake akalaza wavu. Katikati akapitisha mpira mmoja, na ukingoni akauzungusha mwingine wenye matundu. Kisha akafunika vyote kwa karatasi ya nailoni, akaibandika pande zote kwa gundi nyeusi ya kunata, akiikanda kwa dole gumba bila kuruka hata inchi.

"Mpira mmoja wa kuleta, mpira mmoja wa kuvuta," Gharib alieleza. "Huu wa katikati unaleta rezini, gundi inayokuja kuwa mwili wa boti. Huu wa ukingoni unavuta hewa. Unakwenda mpaka kwenye chungu kile cha chuma, halafu kwenye pampu."

"Chungu cha nini?"

"Rezini ikipitiliza, inase humo. Ikifika kwenye pampu, basi, pampu imekufa. Na pampu yenyewe tuliitoa kwenye mtambo wa barafu uliokwisha kazi, hatuna nyingine."

"Na huu wa kuleta, mbona umebanwa?"

"Lazima ubanwe mpaka hewa yote itoke. Kibano hicho ndicho roho ya kazi." Gharib alimkata Kingi kwa jicho. "Ndiyo maana tulimpa mtu tuliyemwamini."

Zein aliwasha pampu. Ilinguruma hata meza ikatetemeka. Mbele ya macho ya Mung'aro ile nailoni iliyokuwa imelegea ilijikunja, ikajivuta, ikakishika kitambaa mpaka kila uzi ukahesabika. Aliigusa kwa kidole. Ilikuwa ngumu, haibonyei.

"Nani ameikandamiza?"

"Hewa," alisema Gharib, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipoa. "Hii hii tunayovuta puani. Tumeiondoa ya ndani, ya nje imeilalia kwa uzito wake wote."

Mung'aro aliutazama mkono wake, kisha akatazama juu, kwenye nafasi tupu kati yake na paa. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea chini ya mzigo huo na hajui. Alitaka kuuliza swali la kipolisi, likampotea.

Zein alifunga mpira wa kuvuta, akazima pampu, akaweka sikio ukingoni, akalizungusha meza nzima polepole. Mahali fulani alisita, akabonyeza gundi kwa ukucha, akaendelea.

"Anasikiliza panapovuja," alinong'ona Gharib. "Ana masikio huyu, mashallah. Mimi hapo sisikii kitu."

Pampu iliwashwa tena. Gharib alitia dawa ya kugandisha kwenye kopo la rezini, akakoroga, akazamisha ncha ya mpira. "Fungua," alisema.

Kingi, mikono yake na pingu zake, alikiachia kibano. Rezini ya rangi ya asali ilipanda mpirani, ikaingia chini ya nailoni, ikaanza kutembea. Hakuna aliyeisukuma. Hakuna aliyeimwaga. Ilikwenda yenyewe pande zote, na kila ilipopita weupe ulitoweka, kitambaa kikawa kama maji, hata mikwaruzo ya meza chini yake ikaonekana. Kingi aliisindikiza kwa macho kwa fahari iliyomfanya asahau alipo. Zein, ambaye bila shaka alikuwa ameona jambo hilo mara nyingi, alisema "Subhanallah" kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mung'aro alijikuta amevua kofia.

Alikaa hivyo mpaka rezini ikafika ukingoni. Ndipo akakumbuka amekuja kwa ajili ya maiti.

"Na kibano kikifunguliwa wakati ncha ya mpira bado haijazamishwa?"

"Basi mpira unavuta hewa tupu," alisema Gharib. "Nailoni inavimba, kazi imeharibika. Kuvuta upya kunachukua muda, na rezini iliyokwisha tiwa dawa haikungoji, sembuse na joto hili la kaskazi. Ikikaa nyingi ndani ya debe inajichemsha yenyewe, bila moto. Inatoa moshi. Athmani aliliona debe linafuka, akalibeba alitupe nje. Likammwagikia mlangoni, penye madebe ya thina, mafuta ya kuyeyushia rangi." "Yaliyobaki umeyaona kwenye bati."

Mung'aro alitoa mfukoni kipande cha nailoni alichokiokota siku ya moto. Kilikuwa na mkato ulionyooka, wa wembe. Alikuwa amekitegemea sana kipande hicho.

"Hiki kimekatwa na nani?"

"Mimi," alijibu Gharib. "Baada ya moto. Nilitaka kuokoa kitambaa cha chini."

Basi, kumbe ndiyo hivyo tu. Mung'aro alikirudisha mfukoni kwa hasira ya mtu aliyebeba jiwe akidhani ni lulu.

"Ule ugomvi ulikuwa wa nini?"

"Huyu alikula muhogo humu ndani mchana, mbele za watu waliofunga. Athmani akamfokea."

"Alinifokea," Kingi alisema, "na kesho yake nikala nje. Ikaisha. Afande, ugomvi mkubwa ulikuwa mwingine, mwezi wa nyuma. Fundi aliniambia fungua, mimi nikauliza, 'Sasa hivi?' Nikaenda kuchungulia nyuma ya pazia. Nilipochelewa, boti ikaganda nusu. Akaniambia, 'Kingi, ukisikia fungua, fungua. Usiniulize, usije kuchungulia, jicho lako liwe kwenye kibano.' Nikamwahidi."

"Kweli?" Mung'aro alimgeukia Zein.

"Kweli. Mimi nilikuwapo."

"Basi siku ya moto, nani alisema fungua?"

"Hakuna."

"Huenda marehemu alisema, wewe hukusikia."

"Mimi nalikuwa karibu naye kuliko Kingi. Alikuwa bado anakoroga, mpira bado umetundikwa msumarini. Wallahi, Inspekta, na saumu yangu hii: marehemu hakutoa amri, wala mimi sikutoa."

Alisema hayo akimtazama Mung'aro machoni, bila kupepesa. Na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Mung'aro alijua kutofautisha mtu anayeficha na mtu asiyeficha, na alikuwa akitazama watu wawili wasioficha, na mmoja wao kesho angepelekwa kunyongwa.

Jua lilipoinama walianza igizo lenyewe. Kalibu kubwa ya kuundia boti ilikuwa imeharibika, kwa hiyo walitumia ya kihori, mtumbwi mdogo, iliyosalimika, wakaitandika kitambaa, wavu na mipira kama kwenye meza. Kila mtu akaenda mahali pake. Gharib alisimama mlangoni, nyuma ya pazia la gunia lililotundikwa kuzuia jua lisipashe rezini, debe chini, ncha ya mpira msumarini. Mung'aro alimkataza kutia dawa. Zein alisimama upande wa mbele wa kihori, karibu na mlango, akikagua ukingo. Kingi alichuchumaa katikati, penye kibano, na pampu ikinguruma nyuma yake.

"Wewe utasimama wapi, Inspekta?" aliuliza Gharib.

"Hapa na Kingi. Nisikie anachosikia yeye."

Kwa kweli hakusikia chochote ila pampu. Aliona midomo ya Gharib ikienda nyuma ya pazia lililotoboka, labda anajisomea dua, lakini sauti haikumfikia. Nailoni iliushika mwili wa kihori, mbavu kwa mbavu. Gharib alikoroga. Zein aliupapasa ukingo wa upande wake wa mlangoni. Jasho lilimtiririka Mung'aro mgongoni, na akaanza kuona haya kwa mchezo huu wa kitoto aliowatesa nao watu waliofunga.

Ghafla Zein aliinua kichwa, akageukia mlangoni, akasikiliza. Akainama chini ya benchi, akatoa bilauri ya maji na kisahani cha tende. Akapaza sauti juu ya pazia:

"Fungua, Ami! Fungua!"

Sauti hiyo ilipenya ngurumo kama msumari, wala isingejulikana ni ya nani. Na ubavuni mwa Mung'aro, tak! Mkono wa Kingi ulikuwa umekwisha ruka. Kibano kilikuwa wazi, mpira ukafyonza hewa kwa mluzi mkali, na ile nailoni yote, kazi ya alasiri nzima, ikavimba na kulegea.

Kingi aliutazama mkono wake kwa hofu. "Afande, umesikia? Amesema fungua! Umesikia mwenyewe!"

"Zima pampu," alisema Mung'aro. Alilazimika kusema mara mbili.

Pampu ilikufa. Na katika kimya kile, kutoka msikiti wa jirani, ikawafikia adhana ya magharibi, mwadhini akiwa katikati. Mung'aro alisimama akiisikiliza, nywele zikimsisimka. Pale alipokuwa amesimama na Kingi, adhana haikuwa imefika hata kidogo. Kilichofika ni neno moja.

"Zein," alisema polepole, "umesema nini?"

"Nani, mimi? Sikusema kitu."

"Sasa hivi. Ulipotoa hizo tende."

"Ah, hiyo! Nalimwambia Ami afungue. Afungue saumu, magharibi imeingia." Alikuwa bado ameshika bilauri. "Kwani vipi?"

Mung'aro mwenyewe husema kufuturu. Alikuwa ameishi Mombasa miaka mingi, kila Ramadhani akiulizwa na majirani kama anasubiri watu wafungue ili ale nao, na hata siku moja hakuwahi kuliweka neno hilo la kula karibu na neno hili la kibano.

"Na jioni ile ya moto," aliuliza, "ulimwambia marehemu hivyo hivyo?"

Zein alimtazama Kingi aliyechuchumaa. Alitazama kibano.

"Kila siku tulikuwa tukifungua pamoja," alisema. "Siku ile ikaadhiniwa, naye kainamia debe lake. Nikampigia ukelele: 'Fungua, bwana, fungua!'" Sauti yake ikawa ndogo. "Uliniuliza kama nimetoa amri, Inspekta. Mimi sikutoa amri. Nalimpa rafiki yangu maji."

"La ilaha illallah," alisema Gharib, akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Mung'aro aliinama, akamfungua Kingi pingu. Alizifungua taratibu, kwa heshima, maana alikuwa na hofu. Hakuwa akimhofia mtu. Katika kazi yake alizoea kukuta kifo kimetoka kwenye chuki, au tamaa, au pombe. Hiki kilitoka kwenye bilauri ya maji na mtu aliyetii. Alivigeuza vitu hivyo viwili kichwani asipate pa kuvishikia.

Zein aliweka bilauri chini, akaja mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili.

"Nitie mimi."

"Kwa kosa gani?"

"Sijui. Tafuta. Nyinyi hamkosi."

"Hapa nimekosa," alisema Mung'aro. "Mkubwa wangu ntamwambia mwenyewe usiku huu huu. Kingi, wewe uko huru, nenda nyumbani."

Lakini Kingi hakwenda. Alikuwa akisugua vifundo vya mikono. "Na mkewe?" aliuliza. "Mkewe marehemu nani atamwambia?"

"Mimi," alisema Zein. Kingi ndiye aliyemshika mkono.

Walikwenda wote watatu, Gharib akabaki karakanani. Katika vichochoro vya Kuze watu walikuwa wakitoka msikitini, wengine wakigeuka kumtazama Kingi na kunong'ona. Nyumba ya Athmani mlango ulikuwa wazi na pazia limeshushwa, kwa kuwa mkewe, Mwanaesha, yumo edani, akikaa ndani kwa kufiwa na mume, na haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Mung'aro na Kingi walibaki barazani. Zein alipiga hodi, akakaribishwa kwa sauti tu, akasimama mbele ya pazia kama mtoto mbele ya mwalimu. Alisema yote. Hakujitetea popote. Alipofika kwenye neno lenyewe alishindwa, akajaribu tena, akalisema.

Ikaja sauti ya mwanamke kutoka nyuma ya pazia.

"Zein," ilisema. "Alikunywa?"

"Nini, shemeji?"

"Hayo maji uliyompa. Aliyanywa, au aliondoka na saumu yake?"

Zein alijifuta uso kwa kiganja. "Hakunywa. Alinambia, 'Ngoja kwanza nimalize hii.'"

"Hata tende?"

"Hata tende."

Walisikia pumzi ndefu ikitoka. "Alhamdulillahi, kamkuta Mola wake na saumu yake," alisema Mwanaesha, na ndipo alipolia.

Mung'aro aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja na habari aliyodhani itamvunja mtu huyu vipande vipande, naye ameipokea na kushukuru. Hakulielewa jambo hilo, wala hakujaribu kulielewa. Alisimama tu kwenye baraza ile, mdogo.

Baada ya muda sauti ilirudi. "Barazani kuna nani? Nasikia watu."

"Inspekta," alisema Zein. "Na Kingi."

Nyayo zikasogea karibu na pazia.

"Kingi, mwanangu," alisema Mwanaesha, "mimi nimekuapiza kila baada ya swala. Nimekutaja wewe, nimemtaja na aliyekuzaa. Niwie radhi."

Kingi alitazama huku na huku kama anatafuta mtu wa kumjibia. "Nimekuwia, mama," alisema. "Lakini mkono ulikuwa wangu. Nawe niwie radhi."

"Nimekuwia."

Kikombe kiligongana na sahani ndani. Akawaambia wasiondoke kwanza, wakae hapo hapo barazani. Alikuwa amepika uji wa kutosha mwanamume, kwa mazoea, na kila jioni unamwagwa.